Ubao wa Boti na Pacha Wake

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Nimeishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika msasa kuliko kalamu, kwa hiyo herufi zangu zinalala upande na maneno mengine huenda nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia. Dada yangu alitaka aniandikie, nikakataa. Naandika polepole, lakini nikiandika mwenyewe naweza kusimama ninapotaka kusimama, na katika habari hii kuna mahali ambapo mpaka leo lazima nisimame.

Najua pia kwamba kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee. Mimi sijafika miaka thelathini. Lakini nimestaafu kweli, na aliyenistaafisha ni daktari. Kazi yangu ilikuwa kuandaa mbao na vitambaa kwa ajili ya mchoraji wa picha za rangi za mafuta. Sijachora hata picha moja. Mimi nilikuwa mtu wa kabla ya picha. Nawaandikia ninyi mnaomaliza shule sasa na kutafuta kazi, mjue kwamba kazi hiyo ipo, jinsi tulivyoifanya, na jambo lililonishtua ndani yake.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa mtaa wa Gungu, kwenye karakana ya mabango ya maduka. Mkubwa wa pale tulimwita Fundi Mkuu. Alikuwa mzee mfupi, nyusi zake zimejaa vumbi la mbao, na alikuwa akiongea akiwa ameshika misumari mdomoni. Nilimsalimia, lakini kwa aibu niliyokuwa nayo sauti haikutoka.

"Umesema nini?"

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba. Kumbe sauti unayo. Shika hii."

Alinipa ubao na msasa, ile karatasi yenye mchanga ya kulainishia mbao. Aliniambia nisugue kwa kufuata nyuzi za mti. Nikasugua kutwa. Kila nilipodhani nimemaliza, alikuja na kipande cha kitambaa chepesi akakipitisha juu ya ubao, na kikinasa mahali, hata uzi mmoja tu, alinirudishia bila neno. Jioni kitambaa kikapita ubao wote bila kunasa. Nilifurahi sana moyoni. Fundi Mkuu akachukua msasa mwingine, wa mchanga mkubwa, akaukwaruza ubao wangu wote kwa kukata nyuzi, kushoto na kulia, mbele ya macho yangu.

Nilishtuka hadi machozi yakanijia. Maseremala waliokuwa wanakusanya vifaa vyao wakaanza.

"Huyo kesho haji."

"Kesho anakuja na mama yake kutushitaki."

"Mwacheni," Fundi Mkuu alisema, akatoa misumari mdomoni ili anieleze vizuri. "Binti, unadhani nimeuharibu. Ubao ukiwa laini kupita kiasi, rangi inateleza kama maji kwenye jani la mgimbi. Kwanza unaondoa mabonde, halafu unarudisha mikwaruzo midogo. Rangi nayo inataka pa kuweka kucha."

Hilo ndilo somo langu la kwanza. Kesho yake nilirudi, bila mama. Kwa sababu sikuongea, maseremala walinipa jina la Kimya, na jina hilo likanifuata kazi zote.

Nilikaa Gungu miaka kadhaa, mpaka siku alipokuja Mchoraji. Yeye alikuwa amejifunza uchoraji mbali, akarudi kwao Ujiji, akapanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mmoja muuza dagaa. Alichora sura za watu, picha za makanisani, na mara nyingine ziwa, lakini hakupenda kulichora kwa sababu alisema kila mtu anajua ziwa lilivyo kuliko yeye.

"Natafuta mtu wa kuniandalia mbao," alimwambia Fundi Mkuu. "Awe hana haraka."

"Mchukue Kimya. Haraka haijui, na hatakuchosha kwa maneno."

Ndivyo nilivyohamia Ujiji. Kazi ya huko ilikuwa ngeni kwangu. Rangi za mafuta za wachoraji husagwa pamoja na mafuta ya kitani, ambayo hutoka kwenye mbegu na hukauka yenyewe yakikutana na hewa, yakawa magumu kama kucha. Si kila mafuta yana tabia hiyo. Alizeti inakawia sana. Mawese hayakauki kabisa, hata ukiyaacha mwaka mzima. Asubuhi ya baridi yanaganda na jua likitoka yanayeyuka tena, kama mnavyoyaona kwenye chupa jikoni. Mchoraji alinieleza hayo wiki ya kwanza, nami niliyasikia kama mtu anavyosikia jambo la kawaida.

Sasa, rangi hizo ukizipaka kwenye ubao mtupu, mti unayanywa mafuta na rangi inabaki unga unaopukutika. Kwenye kitambaa ni vibaya zaidi, mafuta yanaozesha nyuzi. Kwa hiyo lazima uweke kizuizi. Cha kwanza ni gundi. Tuliichemsha, hapana, nimekosea, hatukuichemsha: tuliipasha moto. Nilichukua mabaki ya ngozi ya ng'ombe buchani, nikayaloweka mpaka yalegee, nikayaweka kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji, moto mdogo, saa nyingi. Gundi ikichemka imekufa, haishiki tena. Harufu yake ilijaa uani. Mama muuza dagaa, ambaye uani kwake hakukuwa na marashi, alikuwa akipita na kuuliza, "Kimya, leo mnapika buti la askari?"

Gundi ikikauka kwenye ubao, linafuata tabaka jeupe. Mchoraji aliliita shuka, kwa sababu picha inalala juu yake. Ni unga wa chaki uliochekechwa, gundi ya vuguvugu, na rangi nyeupe kidogo. Unapaka kwa brashi pana upande mmoja, unaacha likauke, unasugua kwa msasa mwembamba, unapaka tena kwa kukatiza. Tabaka likiwa nene mno linapasuka. Likiwa na gundi kidogo linaacha unga mkononi. Kitambaa nacho, tulitumia marekani au pamba ya mahema ya zamani, unakivuta kwenye fremu mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia. Vumbi la kusugua chaki ndilo lililoingia kifuani mwangu, lakini wakati ule nilijifunga khanga puani na kuona inatosha.

Mchoraji alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwingine. Kila ubao tuliukata ukiwa mrefu kuliko picha, na kile kipande cha ziada hatukukitupa. Kilipata gundi ileile, shuka lilelile, siku ileile. Tulikiita pacha. Ubao wenye picha haupaswi kusumbuliwa, kwa hiyo maswali yote anaulizwa pacha. Nilimkwaruza kwa ukucha, nilimdondoshea maji, na mwisho nilimpandisha juu ya bati akae juani kutwa nzima. Pacha akipona, ndugu yake atapona. Picha ikiondoka, pacha anabaki kwetu, ananing'inia ukutani. Ukuta wetu ulijaa vipande vyeupe, na wageni walituuliza kwa nini tunatundika mbao zisizo na kitu.

"Hao ndio mashahidi," Mchoraji aliwajibu.

Nilidhani anatania.

Masika moja alikuja Mama Jeska. Alikuwa mwanamke mwembamba, wazazi wake walitoka Burundi na yeye alikulia kambi ya wakimbizi, kisha akaolewa Rusimbi na mvuvi aliyeitwa Simoni. Alikuja amejitwisha ubao uliofungwa kwa kitenge. Mtoto wake, Jeska, alishika pindo la gauni lake. Aliuweka ubao sakafuni, akaufungua, nikaona rangi ya bluu ya boti iliyobanduka na matundu ya misumari yamepangana katikati, mstari mmoja.

"Boti ya mume wangu ilirudi vipande," alisema. "Yeye hakurudi. Nataka mumchore hapa."

Mchoraji akachuchumaa, akaunusa ubao, akakwaruza kwa kisu. "Mama, pole sana. Lakini ubao huu hapana. Nitakupa mninga mzuri, mkavu."

"Mninga haukuwa naye majini."

"Huu umekunywa mafuta. Wanapofanya kalafati, wanaziba maungio kwa pamba yenye mawese, kisha wanaupaka ubao wote ili usipasuke. Miaka mingapi?"

"Tangu Jeska hajazaliwa."

"Basi mafuta yako mpaka kwenye kiini."

Mama Jeska hakuinuka. Akatueleza jambo lake lilivyo. Hakukuwa na mwili wa kuzika, na ndugu wa mume walikuwa wakinong'ona. Kaka mkubwa wa marehemu, Baba Eliya, alikuwa anasema mdogo wake aliondoka nyumbani usiku ule akiwa amegombana na mkewe, na kwamba mwanamke aliyetoka kambini hajulikani ametoka na nini. Siku ya arobaini ukoo ungekaa na kuamua kama yeye ataendelea kukaa kwenye nyumba ile na mtoto wake, au atarudi alikotoka na mtoto abaki.

"Wakiketi kunisema," alisema, "nataka na yeye awepo. Kwenye kitu chake. Picha ya karatasi wataigeuza uso ukutani. Ubao wa boti yake hawatathubutu."

Mchoraji akaniangalia. Nilikuwa nimeshachuchumaa upande wa pili wa ubao, na nadhani hilo lilikuwa jibu.

Niliuosha ubao ule kwa magadi na maji ya moto mpaka maji yakatoka rangi ya chai, nikaosha tena. Niliusugua kwa tapentaini, yale maji makali ya kuyeyushia rangi. Niliufunika kwa majivu makavu yanyonye mafuta. Kwa mkono ukawa mkavu kabisa. Nikaziba matundu ya misumari, nikakata pacha kutoka upande wenye matundu yaleyale, nikavipaka vyote viwili gundi na shuka. Pacha alistahimili ukucha. Alistahimili maji. Swali lililobaki ni la jua, na wiki zile mvua haikukatika. Ziwa lilikuwa la kijivu na bati letu linalia mchana kutwa.

"Tusubiri jua," Mchoraji alimwambia Mama Jeska.

"Arobaini haisubiri jua."

"Basi nisikilize vizuri. Nitaipaka nyembamba iwahi kukauka. Lakini pacha wake hajakaa juani, kwa hiyo sijui. Picha ikae ndani. Usiitoe juani mpaka nikuambie."

"Nimesikia."

Mchoraji akaichora. Alimfuata Simoni kwenye picha ndogo ya kitambulisho na kwenye maneno ya mkewe. Sura ikakaa katikati ya ubao, na mstari wa matundu niliyoziba ukawa umepita chini ya jicho la kushoto, kwenye shavu, na kwenye kola ya shati. Ilipokwisha, Jeska aliitazama kwa muda akauliza, "Mbona hajavaa kofia yake?" Mchoraji akaongeza kofia.

Siku ya arobaini Mchoraji alikuwa Kalinzi kwa kazi ya kanisa, na simu yake ikawa haipatikani. Kwa hiyo nilipeleka picha mimi. Niliifunga kwa shuka la kitandani, nikaishika mapajani juu ya bodaboda kutoka Ujiji mpaka Rusimbi, na tulipokuwa njiani mawingu yakaachana. Jua likatoka, la kwanza baada ya siku nyingi, jua lile la baada ya mvua linalochoma kama pasi. Nakumbuka watu barabarani walikuwa wanalifurahia.

Nyumbani kwa Mama Jeska watu walikuwa wamejaa. Nilimkabidhi Mama Jeska picha, akaiweka sebuleni juu ya kiti, nikakaa chini na wanawake mlangoni. Baba Eliya alikuwa mwanamume mrefu, mvuvi pia, sauti yake nzito. Alisimama mbele ya ile picha muda mrefu. Nadhani hakutegemea kwamba itafanana. Kisha akasema watu walioko nje hawaioni.

"Itoeni, ikae uani chini ya turubai."

"Shemeji, fundi amesema isitoke," Mama Jeska alisema.

"Ni ndugu yetu au ni wako peke yako?"

Ikatolewa. Ikawekwa kwenye kiti chini ya turubai, pembeni, mahali penye kivuli. Niliona kivuli kinatosha nikanyamaza. Katekista akaanza sala, sala ikawa ndefu, na jua likawa linasogea wakati sisi tumefumba macho.

Aliyeona kwanza ni Jeska. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtoto anayesema mvua imeanza.

"Mama, baba analia."

Nilifumbua macho. Jua lilikuwa limeifikia picha yote. Chini ya jicho la kushoto la Simoni kulikuwa na tone jekundu, linene, linalong'aa. Likakaa pale. Kisha likateremka shavuni, taratibu, likaacha mstari.

Hapa ndipo ninaposimama. Hata sasa ninapoandika nimeweka kalamu chini kwanza.

Mwanamke mmoja alipiga yowe, viti vikaanguka. Katekista alirudi nyuma hadi akagonga nguzo ya turubai. Wengine walikimbia mpaka barabarani, wengine walisogea karibu. Tone la pili likatoka.

"Damu," mtu akasema.

"Mnaona wenyewe," Baba Eliya alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilinitisha zaidi. "Sikutaka kusema mimi. Amesema mwenyewe. Shemeji, kafungashe. Mtoto anabaki."

"Mana yanje," Mama Jeska alisema kwa lugha ya kwao, yaani Mungu wangu, akakaa chini pale pale kwenye tope. Wanawake wawili waliingia ndani wakaanza kutupa nguo zake kwenye sanduku. Nilisikia mlango wa kabati.

Mimi nilikuwa najua. Nililiona tone la pili na nikajua ni nini, kama mtu anavyolijua jina lake. Nikasimama, nikafungua mdomo, nikasema, "Ni ubao." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Kijana mmoja akanigeukia.

"Na huyu ndiye aliyeileta. Mwulizeni ametia nini."

"Wewe binti," Baba Eliya alisema, "ulitia nini humu?"

Watu wote wakanitazama. Kama ningeanza kuwaeleza habari za kiini cha mti na mafuta yasiyokauka, nani angesimama anisikilize, na sauti yangu hii? Nikasema maneno mawili tu.

"Ngojeni. Nakuja."

"Anatoroka."

"Hatoroki," Baba Eliya alisema, akamwita yule kijana wa bodaboda aliyenileta, ambaye alikuwa bado ameduwaa getini. "Mpeleke anakotaka, umrudishe hapa. Asiporudi, nakudai wewe."

Kijana wa bodaboda hakuniuliza kitu njia nzima. Tulipofika Ujiji ndipo alisema, "Dada, kama ni uchawi, niambie mapema nisizime injini." Nikaingia ndani, nikatoa pacha ukutani, nikapanda tena.

Tuliporudi, sanduku la Mama Jeska lilikuwa mlangoni. Yeye alikuwa bado chini na Jeska mapajani. Picha haikuwa imeguswa na mtu. Nilimweka pacha kwenye kiti kingine kando yake, juani, uso mweupe kuelekea watu, nikarudi nyuma.

"Hiki nini?" Baba Eliya aliuliza.

"Ni ubao uleule. Hauna mtu."

"Tufanye nini nao?"

"Tuuangalie."

Tukauangalia. Ulikuwa umetoka kwenye chumba chenye baridi, na haukutoa chochote. Muda ukapita. Wakaanza kunicheka, kicheko cha watu wenye hofu.

"Tumeletewa sinema, haina picha."

"Huyu naye hajalia, pengine hana ndugu."

Niliwaza, na kama ni kweli? Mimi mwenyewe niliyeupaka, nilianza kuwaza kama ni kweli. Ninyi ambao hamkuwepo mnaweza kunicheka, lakini uso wa Simoni ulikuwa unanitazama na shavu limelowa.

Kisha katikati ya ule weupe, kwenye tundu la msumari, ikatokea nukta ya rangi ya machungwa. Ikavimba. Ikawa tone. Likateremka kwenye shuka jeupe, jekundu, hadi ukingoni mwa ubao, na jingine likatoka kwenye tundu la pili.

Baba Eliya akasogea. Akagusa tone kwa kidole, akanusa. Halafu akalamba.

"Mawese," alisema.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Baba Eliya akaenda kwenye picha, akagusa na pale, akalamba na pale. Alikuwa mvuvi, hakuhitaji kuelezwa na mtu yeyote jinsi boti inavyopakwa.

Mama yake Simoni, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa amekaa kwenye mkeka tangu asubuhi. Macho yake hayaoni vizuri.

"Ni nini?" aliuliza.

"Ni mawese, mama. Yanatoka kwenye ubao."

"Boti hiyo alikuwa anaipaka nani?"

Baba Eliya akakifuta kidole chake. "Yeye mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine aiguse."

"Nipelekeni."

Wakamshika mkono wakampeleka mbele ya picha. Alipapasa kofia, akapapasa jicho, akafika shavuni. Akakusanya yale mafuta kwa vidole, taratibu, kama anayekomba chungu. Kisha akanyoosha mkono mwingine hewani.

"Jeska yuko wapi? Mwana wanje, mwanangu, njoo."

Mtoto akaenda. Bibi akampaka mafuta yale mikononi, akampaka shingoni, akampaka miguu, jinsi watoto wanavyopakwa wakitoka kuogeshwa. Hakuharakisha. Alipomaliza akageuza uso upande ilikokuwa sauti ya mwanawe.

"Sanduku la mke wa Simoni limewekwa wapi?"

"Mlangoni, mama."

"Lirudishe wewe. Kwa mkono wako."

Baba Eliya akalibeba akaingia nalo ndani.

Kikao cha ukoo hakikukaa siku ile. Mama Jeska yupo kwenye nyumba ile mpaka leo, na mtoto wake. Lakini kilichonishtua zaidi ya lile tone nitakisema pia. Nilipokuwa namchukua pacha wangu niondoke, watu walikuwa wamepanga mstari mbele ya picha ili nao waguse yale mafuta. Walikuwa wale wale. Yule mwanamke wa yowe alikuwa wa tatu kwenye mstari, na mmoja wa wale waliofungasha nguo alikuwa nyuma yake, amembeba mtoto wake mgongoni.

Mchoraji aliporudi kutoka Kalinzi nilimsimulia. Alikaa chini, akashika kichwa. Kesho yake alikwenda Rusimbi kumwambia Mama Jeska kwamba atamchorea upya kwenye mninga, bila malipo, kwa sababu rangi ya ubao ule haitadumu. Mama Jeska alimshukuru akakataa. Alisema, "Mkono wake umo humu. Sijawahi kuwa na kitu chenye mkono wake ila mtoto."

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka michache tu. Kifua kilianza kubana wakati wa kusugua, halafu hata wakati wa kulala. Daktari alinipiga picha ya kifua, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akasema niache vumbi au vumbi litanimaliza mimi. Mchoraji sasa ana kijana mwingine, na nilimwagiza ajifunge kitambaa kilicholowa, si khanga kavu kama mimi. Ninyi mtakaoshika kazi hii, hilo mlikumbuke kabla ya mengine yote. Mimi nakaa kwenye duka la dada yangu, Gungu. Tunauza sabuni na mawese. Asubuhi yakiwa yameganda nayaweka juani ili yayeyuke, na kila yanapoanza kulegea kwenye chupa mimi huangalia pembeni kidogo.

Watu huniuliza kama sijutii miaka niliyotumia kutengeneza weupe ambao mwingine anaufunika. Najua tu kwamba siku ile, kilichosema kwa niaba ya Mama Jeska ni kipande ambacho karakana nyingine wangekitia motoni, nami sikuwa na sauti nyingine zaidi ya hicho.

Sasa nina jambo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama Jeska alikuja dukani juzi. Kila kiangazi yeye hutoa picha uani mara moja, mafuta yakatoka kidogo, na Bibi akampaka Jeska, ambaye sasa amekuwa mrefu na anaona aibu kupakwa mbele za watu. Mwaka huu waliitoa, ikakaa juani mpaka jioni. Haikutoka hata nukta. Ubao umekauka. Bibi alibaki amenyoosha vidole. Na kwenye kola ya shati, pale kwenye tundu la tatu, rangi imeanza kuinuka kama ganda la kitunguu.

"Kimya," Mama Jeska aliniambia, "mafuta yameisha na yeye anaondoka. Nifanye nini?"

Sikuwa na jibu, na Mchoraji naye hana. Tukiibandika rangi kwa gundi ya moto, itashika, lakini matundu yote yatazibwa moja kwa moja, na kama kuna tone lililobaki halitatoka tena. Tukiuacha, uso utapukutika. Pacha bado ninaye. Nimemtundika hapa dukani juu ya chupa, na kabla ya kuugusa ubao wenyewe nitamuuliza yeye kwanza. Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiwa mchoraji, au mtengeneza boti, au mtu tu aliyewahi kuona rangi ikirudishwa kwenye mti wa zamani, niandikie kupitia ukurasa huu unieleze ulivyofanya. Andika kwa herufi kubwa, nasoma polepole. Nitajibu kila mmoja.